Kiini na Kufu Yake

Kompyuta ya mizani ya malori katika kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni ilikuwa na ada ya kufa alasiri, saa ambayo malori yaliyosheheni hupangana kungoja kupimwa kabla ya kushika njia ya Mombasa. Na karani wa mizani, ambaye kwa kila lori lisilopimwa alitukanwa na dereva na utingo kwa zamu, alikwisha kuitakidi kwamba mashine ile ilipandwa na shetani wa saa tisa. Mpwa wangu, aliyeiandika draiva inayoiwezesha Windows XP kusoma uzito kutoka kwenye mizani, hakuamini mashetani, na maadamu hana mahali pengine pa kufanyia kazi ila baraza yangu hapa Mambrui, mashine ya watu ililetwa kwangu juu ya bodaboda, imefungwa kwa leso ya dada yangu ambaye hakuombwa ruhusa.

Windows wanayouziwa watu imefundishwa stahamala. Draiva ikifanya utovu mdogo wa adabu ndani ya kiini cha mfumo, kiini hunyamaza na kuendelea na shughuli zake, hata siku mambo yanapozidi huanguka mahali pengine kabisa, na aliyekosa haonekani tena. Lakini tangu Windows NT ya kwanza ya mwaka 1993, Microsoft walitengeneza na sura ya pili ya mfumo uo huo kwa ajili ya waandishi wa draiva, na desturi hiyo waliishika hadi zama za Windows 10: sura ya ukaguzi, isiyo na stahamala hata chembe, ambamo kila ombi huulizwa limetoka wapi na kwa idhini gani, na jambo likiwa kinyume, mashine husimama papo hapo, ikataka mtu aje aone. Ni nzito, ni ya polepole, na si ya kuishi nayo.

Hiyo ndiyo mpwa wangu aliyoitaka ili amnase shetani wake, ila si lazima kuiweka nzima. Mafaili mawili yatosha: kiini chenyewe, ntoskrnl.exe, na hal.dll, tabaka nyembamba ikaayo baina ya kiini na chuma, ili kiini kisilazimike kuijua kila bodi iliyotengenezwa Taiwan. Ila mawili haya, kama mume na mke katika fikihi ya ndoa, lazima yawe kufu: kiini cha ukaguzi hakikai na hal ya kawaida, na hata yote mawili yakiwa ya ukaguzi, sharti yawe ya toleo moja. Mpwa wangu, kwa pupa ya ujana, aliozesha kiini kipya kwa hal iliyokuwapo. Mashine ilipowashwa ilitoa kioo cha buluu chenye namba 0x00000079, ambayo waandishi wa mfumo waliitenga makusudi kwa ndoa za namna hii, na ndani ya mabano tarakimu ya kwanza ilikuwa 2, maana yake kwamba wawili hawa ni wa aina mbalimbali. Nimekaa katika vikao vingi vya suluhu, wala sijapata kusikia hukumu iliyotolewa kwa ufupi na insafu kama ile.

Posa ya pili nayo ilivunjika, kwa kuwa hal aliyoileta ilikuwa ya Service Pack 2 ilhali mashine ni ya Service Pack 3. Tena ikabainika kwamba hal.dll ni jina la ukubwani: Windows XP inapowekwa huchagua hal moja kati ya kadhaa, ile iliyoafikiana na mashine, kisha huibadili jina, na jina la kuzaliwa hubaki limeandikwa katika faili setup.log. Tulilikuta humo, halmacpi.dll. Wala haifai kuyafuta mafaili ya asili na kuweka mapya mahali pake, kwani Windows hiyo ina mlinzi ambaye huyarudisha ya zamani bila kumuuliza mtu. Huwekwa kando yake kwa majina mengine, yasiyozidi herufi 8 kabla ya nukta na 3 baada yake, kisha boot.ini huongezwa mstari wa pili, ili mashine inapoamka iulize iamke na kiini kipi.

Ikabaki kebo. Mashine ya ukaguzi inaposimama huyasema yaliyoisibu kwa mashine ya pili, kupitia kebo ya siriali ambayo nyaya zake namba 2 na 3 zimepishana. Muuza duka wa Malindi alishika kwamba kebo ni kebo, akatuuzia iliyonyooka. Mpwa wangu aliikata kwa kisu cha jikoni, na kwa kuwa stima ilikuwa imepotea tangu adhuhuri, chuma cha kulehemu alikitia katika makaa ya jiko, pembeni mwa sufuria ya mchuzi wa papa. Meno ya tundu la siriali, yaliyoota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi, aliyasugua kwa mswaki na ndimu. Mswaki haukuwa wake.

Stima iliporudi baada ya Isha, ndoa ya tatu ilisimama, na mashine ikaanza kusema. Kwanza haikumlalamikia mpwa wangu bali draiva ya kadi ya mtandao, kisha ya printa, na kila mara ilitaka shauri: isimame, ipuuze, iue programu, au iue uzi wake mmoja?

“Kaka,” akauliza dada yangu, “mbona kila ikiudhika yataka kuua?”

Mzee mmoja wa Ngomeni, aliyekuja kunywa kahawa, hakubabaika. Alikuwa kijana mvuvi Waitalia walipokuwa wakirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya kijiji chao, na ile ya tarehe 12 Desemba 1970 iliyobeba satelaiti ya Uhuru, iliyopewa jina hilo kwa kurushwa siku ya uhuru wa Kenya, aliiona kwa macho yake. “Wale walirusha, ikaenda,” akasema. “Nyinyi mwakesha muisimamishe.”

Karibu na alfajiri likaja la kwetu. Draiva ya mizani iliomba kumbukumbu ya aina inayoweza kuhamishiwa kwenye diski, katika nafasi ambayo kiini hakiruhusiwi kwenda diski hata kwa dharura. Asubuhi, kumbukumbu ikiwa tele, ombi hilo hupita salama. Alasiri, karani akiwa amefungua hesabu zake zote, kilichoombwa kimekwisha hamishwa, kiini hakiwezi kukifuata, kinakufa. Shetani wa saa tisa akatolewa kwa kubadili neno moja.

Mashine ilirudi Gongoni, na kabla ya Ijumaa malalamiko yakaja kwamba sasa inaganda asubuhi. Mpwa wangu alikwenda, akamkuta karani kila siku achagua mstari wa pili, kiini cha ukaguzi kinakutana na kosa la printa, kinasimama kungoja shauri kwa kebo isiyokuwapo, na malori yamepangana hadi barabarani.

“Lakini ule wa kwanza ndio uliokuwa ukifa,” akasema karani. “Nitaurudiaje?”

Mstari wa pili ukafutwa mbele ya macho yake. Naye, kwa kuwa hakuachiwa pa kuchagua, akataka karatasi yenye sahihi kwamba Windows iliyobaki siyo ile.