Ripoti kwa Mama Mchungaji

Ukitumwa na kanisa unadaiwa ripoti. Hilo nililijua tangu Jumapili waliyonibariki pale usharikani kwetu, milima ya Usambara, wazee wa kanisa wamenizunguka na kwaya ikiimba kana kwamba napelekwa Ninawi. Mama Mchungaji alinivuta pembeni baada ya ibada, akanipa kitenge cha Umoja wa Wanawake na agizo moja: "Mwanangu, usituache gizani. Habari zako tutazisoma kwenye matangazo." Nikaitikia ndiyo Mama, maana wakati ule niliamini kitakachonisumbua ni Kijerumani.

Nilikuwa nakwenda Wuppertal kujitolea katika chekechea ya kanisa. Watu wa Dayosisi yetu ya Kaskazini Mashariki jina la mji huo haliwashangazi. Ndiko ziliko ofisi za UEM, ushirika wa makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ambao tangu 1996 ni wetu sote, na siku hizi vijana hutumwa kwenda na kurudi. Zamani njia ilikuwa ya upande mmoja. Wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891, na Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal. "Sasa ni zamu yetu," alisema mzee mmoja kwenye maombi ya kuniaga, akanisihi nisiwe na haraka ya kubatiza, nianze na upendo.

Kubatiza! Kabla sijamgusa mtoto hata mmoja nilitakiwa kuthibitisha kwamba sina kesi polisi, kwamba nimechanjwa surua (sheria yao ya 2020 haina mzaha), na kwamba nimeelezwa kanuni za usafi za mtu anayegawa chakula. Nilitia saini mpaka kidole kikauma. Karatasi mojawapo ilisema sitapiga picha ya mtoto yeyote bila wazazi wake kuridhia kwa maandishi. Nikaisaini haraka haraka nimalize, nisijue kwamba hiyo ndiyo itakayoniponza.

Mkuu wa chekechea, mwanamke wa kukaribia kustaafu mwenye mvi zake nzuri, aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Nilijaribu, ulimi ukagoma. Mtu wa rika la mama yangu nitamtajaje jina hivihivi? Nikaona heri nimwite Mama. Akanijibu kwa upole kwamba yeye hakujaliwa mtoto, ila ana paka wawili. Kuanzia hapo nikawa simwiti chochote. Nikimhitaji, nakohoa.

Watoto wao waliniita kwa jina tangu dakika ya kwanza, tena kwa sauti ya juu, kutoka chooni. Nikajisemea utume uanzie hapa, nikawafundisha shikamoo. Waliipenda sana. Tatizo ni kwamba watoto wa miaka mitano ni wapelelezi, na haukupita muda wakang'amua kuwa anayesema marahaba ndiye mkubwa. Asubuhi iliyofuata kibogoyo mmoja alinisubiri mlangoni, akanitazama usoni, akasema "Marahaba" kabla sijafungua mdomo. Na mimi, kwa malezi niliyolelewa, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema shikamoo.

Halafu ikanyesha. Wuppertal inasifika kwa mvua, na wenyewe hutania kwamba mtoto wa pale huzaliwa na mwavuli. Mimi ni mtu wa Lushoto, baridi na ukungu havinitishi. Lakini kwetu mvua ikianza mtoto anaitwa ndani. Pale mkuu alisimama dirishani, akaangalia matone yanavyopiga kioo, akageuka na uso wa furaha: "Haya, tunatoka nje!"

Ndipo nilipokutana na overoli. Kwenye korido kila mtoto ana ndoano yake, na juu ya ndoano kuna picha ya kumtambulisha: huyu kipepeo, yule konokono, mwingine kalunguyeye. Chini kuna buti za mpira. Ndoanoni inaning'inia suruali ya mpira inayopanda mpaka kifuani, ina mikanda ya begani, na huku chini ina utepe wa kupitishwa chini ya buti ili mguu usipande. Mtu aliyebuni kitu kile hakuwa na watoto, au alikuwa nao wengi mno.

Nilianza na Kalunguyeye. Alininyooshea buti, nami nikamvalisha buti. Kisha nikachukua overoli. Buti ikaingia mguuni mwa suruali, ikafika magotini, ikakwama. Nikavuta. Mtoto akaja pamoja na suruali. Nikasukuma, buti ikamvuka ikabaki mle ndani, na soksi nayo ikaifuata. Kalunguyeye alikuwa amelala chali sakafuni, mikono kifuani, ananitazama kwa huruma bila kusema neno. Mwenye Kipepeo, bibi wa miaka minne, akashindwa kuvumilia. Alijisogeza mbele, akaniambia polepole kwa sauti ile ambayo watu humtengea mgeni: "Kwanza suruali. Halafu buti. Halafu utepe. Halafu koti. Kofia mwisho." Akasubiri nirudie. Nikarudia.

Tukaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, zipu zikitafuna mitandio, glovu za mkono wa kulia zikizidi za kushoto. Nilipofunga koti la mwisho shati langu limeloa jasho kuliko kama ningekaa mvuani. Nikashika kitasa. Kalunguyeye, aliyekuwa amesimama mlangoni tayari muda wote huo, akatangaza kwamba anataka kwenda chooni. Kubwa.

Huko nje walikaa kwenye madimbwi. Sisemi waliyaruka; walikaa. Walipika keki za matope kwenye jiko la mbao lililowekwa kwa kazi hiyo, wakanikaribisha nionje, na walimu wakasimama pembeni na miavuli wakizungumzia mishahara. Hakuna aliyekemewa. Baadaye nilielezwa kwamba ni Friedrich Fröbel, mtoto wa mchungaji, aliyeanzisha malezi ya namna hii huko Bad Blankenburg mwaka 1837, na kwamba mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku chekechea zake kwa miaka kadhaa ikishuku zinafundisha watoto kumkana Mungu. Nilipokuwa nikikamua soksi za Konokono niliielewa kidogo serikali ya Prussia.

Chakula nacho kilinipa taabu, si changu, chao. Saa tatu asubuhi mtoto anafungua kikopo chake: kipande cha mkate mweusi, jibini, karoti mbichi, vipande vya hoho. Uji hakuna, chai ya maziwa hakuna. Jamani, karoti na hoho ndizo tunazopakia malori Lushoto kuzipeleka Dar es Salaam, na kwetu anayetafuna karoti mbichi ni mtoto aliyejificha shambani kwa watu. Hawa walizitafuna hadharani, wakapokezana, na waliposhiba wakaimba. Mchana wadogo walilazwa kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni. Ijumaa tulikwenda msituni, na huko mkubwa mmoja wa miaka mitano alikaa kwenye gogo akachonga kijiti kwa kisu. Kisu cha kweli. Nilikohoa, mkuu akaja, akakiangalia kile kijiti na kukisifu.

Zamu yangu ya kusimulia hadithi ya Biblia ilipofika nikachagua Daudi na Goliathi, hadithi isiyowahi kuniangusha shule ya Jumapili. Kwetu ukifika kwenye kombeo watoto wameshasimama. Hapa nilipofika kwenye matusi ya Goliathi, mkono ukanyooshwa. Kwa nini Daudi hakusema "Stop"? Ikumbukwe chekecheani wanafundishwa kwamba mwenzio akikuudhi unamnyooshea kiganja, unamwambia stop, sitaki, na asiposikia unamwita mwalimu. Nikasema Goliathi asingesikia. Basi angemwita mwalimu. Nikasema mwalimu hakuwepo. Wakatazamana. Majeshi mawili bondeni, bila mwalimu? Mwenye Kipepeo akataka kujua kama mama yake Goliathi alipewa taarifa.

Niliokoa jahazi kwa kusema tukaigize nje. Ilikuwa majira ya vuli na bustani nzima imejaa njugu za miti yao, za kahawia zinazong'aa, ngumu, zenye ukubwa wa kutosha kiganjani. Sikuziwaza. Wao walikuwa wameshaziwaza. Goliathi nilikuwa mimi, kwa urefu. Wakanizunguka, Daudi wote, Mfilisti peke yangu, na katika mvua ile ya njugu nikakumbuka mafundisho nikanyoosha kiganja: "Stop! Sitaki!" Zikasimama hapohapo, hata zilizokuwa tayari mkononi zikashushwa. Nakiri nilistaajabu. Israeli haikuwa na nidhamu kama ile.

Tulipanda pia ile treni yao. Inaning'inia. Reli iko juu, mabehewa yanabembea chini yake, na chini ya mabehewa kuna mto Wupper. Imekuwa ikifanya hivyo tangu 1901. Nilishika bomba kwa mikono miwili, macho nimeyafumba, mpaka kibogoyo wangu wa marahaba akanipapasa goti. Nisiogope, akasema, hata Tuffi aliruka na hakufa. Nikadhani Tuffi ni mtoto wa darasa jirani. Kumbe ni tembo mdogo wa sarakasi aliyepakiwa humo mwaka 1950 kwa ajili ya matangazo, akaona kelele zimezidi, akavunja ukuta wa behewa na kutumbukia mtoni. Alitoka na michubuko tu. Mji mzima unamuenzi mpaka leo. "Wewe ulimjua?" akaniuliza, maana natoka kwenye tembo. Nikamwambia yule alikuwa wa Asia. Alisikitika, akaacha kunipapasa.

Sasa ripoti. Mama Mchungaji alikuwa ananikumbusha kila akinitumia salamu, na mimi ni mtu nisiyependa kupamba. Niliandika nilichokiona. Watoto wanashinda nje mvuani. Wanacheza matopeni. Asubuhi wanakula mkate mweusi na karoti mbichi, uji hawana. Mchana wadogo wanalala sakafuni. Ijumaa wanakwenda msituni na visu. Treni yao ilishawahi kudondosha tembo. Wote hawajambo, na wanawasalimu kwa kusema marahaba.

Akajibu mara moja: picha. Hapo ndipo ile karatasi iliponibana. Uso wa mtoto siruhusiwi kuutuma, lakini hakuna karatasi iliyotaja viatu. Nikaenda koridoni baada ya mchezo, nikapiga buti zote zilivyopangwa ukutani, tope mpaka shingoni, na juu yake overoli zinachuruzika maji, mbili zina viraka magotini. Nikatuma bila maelezo.

Hapo neno la uongo halimo. Tangu siku hiyo nikikumbuka barua walizokuwa wakituma wamisionari wa kwanza kutoka kwetu kwenda kwao, na sadaka zilizofuata, nawafikiria kwa wema zaidi. Huenda nao walisema kweli tupu.

Jumapili jioni nilikuwa getini, wazazi wanakuja kuchukua… hapana, ilikuwa Jumatatu, Jumapili hakuna anayefungua hata dirisha huku. Wazazi wanakuja kuchukua watoto, mmoja kwa baiskeli ya umeme yenye sanduku la watoto mbele, ya bei ya pikipiki mbili za kwetu, na mimi nasikiliza ujumbe wa sauti wa Mama Mchungaji, kuku wakilia nyuma yake.

"Mwanangu, watu wamelia. Picha imepita mkono kwa mkono mpaka simu ikaisha chaji. Tumefanya mnada baada ya ibada: madebe mawili ya viazi, mkungu wa ndizi, na jogoo wa Mzee wa Kanisa amenunuliwa mara tatu kwa kuwa kila anayemnunua anamrudisha auzwe tena. Tumepata shilingi 86,500. Mwinjilisti ameombea sana habari ya ile treni. Umoja wa Wanawake wameshaanza kufuma soksi. Tutume kwa njia gani? Na Mzee anauliza, hao watoto, wazazi wao wako hai?"

Nilikohoa. Mkuu akaja. Nikamtafsiria yote, mpaka jogoo. Alikaa kimya, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikangoja afute na programu yangu ya kujitolea. Akauliza hizo soksi ni za sufu halisi? Maana za sufu halisi madukani kwao ni ghali mno na hazidumu. Kisha akavuta droo, akatoa fomu, kwa kuwa wazazi ilibidi waridhie kwa maandishi, na kesho yake tukapita na rula koridoni tukapima miguu, mtoto kwa mtoto, Mwenye Kipepeo akisimamia. Orodha ya namba nikaituma usharikani jioni hiyo.

Mama Mchungaji hakuchelewa. "Miaka mitano, mguu namba 31?" aliandika. "Basi hao, chakula wanapata."