Choo cha Jukwaani

Kituo kidogo cha treni huko Uingereza, kinachoshusha abiria watatu na mbwa wao, hakikosi makala yake kwenye ensaiklopidia. Utaelezwa majukwaa mangapi, choo kiko upande gani, baiskeli zinaegeshwa wapi. Hakuna anayehoji umuhimu wake. Treni husimama pale, basi.

Sasa mlete mhariri wa ensaiklopidia hiyo Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Waingereza walijenga reli kutoka pwani ya kusini kuja huku mwishoni mwa miaka ya 1940, ije kubeba karanga za ule mradi mkubwa wa Serikali yao. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 treni nazo zikaaga. Hata vyuma vikang'olewa.

Makala ya reli hiyo? Waziri wa Chakula wa Uingereza, John Strachey, lazima aingie, pamoja na mamilioni ya pauni yaliyopotea na hasira za Bunge la London. Waliobeba mataruma juani wataambiwa hawana chanzo cha kuaminika. Wangeyabebaje huku wakiandika tanbihi?

Kijiji cha Nandagala, kule wilaya jirani ya Ruangwa, angalau kinatajwa: ndiko nyumbani kwa Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu tangu 2015 hadi 2025. Kijiji kikitaka aya ya pili, nashauri kijenge kwanza choo cha jukwaani, kipigwe picha vizuri. Reli itafuata ikipata nafasi.