Shikamoo Iliyomrusha Mdiria

Kupiga picha za ndege na kuwa na adabu ni mambo yasiyokaa nyumba moja. Nililijua hilo Jumamosi moja Kunduchi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nimezama kwenye tope la mikoko hadi vifundoni, ndala moja imeshachukuliwa na maji.

Ndala ni kosa langu. Jumamosi iliyotangulia, saa hizohizo, maji yalikuwa yamekupwa, nikadhani bahari nayo inafuata saa za ofisi. Kumbe maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Hesabu wiki nzima: inakaribia saa sita. Palipokuwa pakavu Jumamosi ile, Jumamosi hii ni bahari.

Robo saa ya kwanza sikuona kitu. Usiku tulikuwa tumewasha kiyoyozi, maana luku ilikuwa imeshiba, na lenzi iliyolala kwenye baridi ikikutana na joto la pwani hutoka jasho kama chupa ya soda. Ukiifuta, jasho linarudi. Nikasubiri. Kioo kilipotakata, mdiria alikuwa palepale kwenye tawi, hatua kumi tu: mgongo wa buluu, mdomo mwekundu kama umetoka kupakwa rangi, kaa mdogo ananing'inia. Akawa anambamiza kaa kwenye tawi, kulia, kushoto, miguu ya kaa inaruka huku na huku. Nikazuia pumzi.

Nyuma yangu nikasikia chubwi, chubwi. Mzee mmoja, kasia begani.

Sasa mtu aliyelelewa na bibi afanyeje? Mzee wa rika la babu yangu apite nimempa mgongo? Nikanong'ona, "Shikamoo, babu."

"Ati?"

"Shikamoo."

"Sema kwa sauti, mjukuu wangu, masikio yameliwa na injini ya boti."

"SHIKAMOO, BABU!"

"Marahaba!" akajibu kwa sauti ya kuitia mashua. Mdiria akaondoka na kaa wake. Nilibofya, nikapata tawi. Kusema kweli ni picha nzuri ya tawi, bado linatikisika.

Babu wala hakuona hasara. Akaulizia nyumbani, kazini, watoto, kisha akaikagua stendi ya kamera yangu. "Unampimia nani?"

Uzito wa swali hilo anaujua aliyeishi Dar es Salaam. Hapa mtu mwenye miguu mitatu ya chuma, aliyefumba jicho moja, ni mpima viwanja. Nyuma ya mpima viwanja huja mwenye kopo la rangi nyekundu, achore X ukutani, na nyuma yake huja katapila. Nikasema napiga picha za ndege. Babu akacheka kwa upole, vile unavyomchekea mtoto aliyekuambia sukari imeliwa na paka.

Jumamosi iliyofuata maji yalikuwa mbali, na pale kwenye mkoko wangu nikakuta kikao: mjumbe, babu, na kina mama watatu wanaokaanga samaki.

"Tuoneshe hao ndege," mjumbe akasema, akaichomoa kamera kwenye stendi kwa mkono wake mwenyewe.

Tawi. Tawi. Anga. Tawi linalotikisika. Kigingi.

"Kigingi!" mama mmoja akadakia. "Si nilisema?"

"Juu yake alikuwepo yangeyange," nikajitetea.

Ndege pekee aliyeonekana mzima, tena ameitazama kamera kabisa, alikuwa kunguru. Yule wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na mpaka leo anatumalizia vifaranga.

"Kunguru," mjumbe akasema taratibu. "Umetoka Tegeta alfajiri yote hii, umfuate kunguru."

Hata mimi nisingeniamini.

Ghafla babu akaweka kidole mdomoni. "Asisalimiwe mtu," akanong'ona.

Mdiria alikuwa ametua juu ya stendi yangu tupu, kifua mbele, jua la asubuhi limempiga ubavuni. Nikanyoosha mkono niombe kamera. Mjumbe hakuniona. Alikuwa ameshachomoa simu kwenye mfuko wa shati, akabofya mara moja tu, na ndege akaenda zake.

Ilitoka safi. Hadi ukucha ulionekana.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee."

Nikamwomba anitumie kwa WhatsApp. Akasema bando limekwisha.