Mwongozo wa Kufuga Funza, kwa Asiyefunzwa

Dagaa wa kuku wamepanda bei, na jirani amekunong'oneza dawa yake: funza wa unga, wanaofugwa chumbani. Hongera. Fuata hatua hizi.

1. Beseni. Tafuta la plastiki lenye kuta laini, maana funza hawezi kupanda panapoteleza. Kama lako lina mikwaruzo, utajua siku utakapofungua kabati la unga.

2. Chakula. Mwaga pumba za ngano, kina cha vidole vitatu. Ndiyo, ni pumba zilezile walizokuwa wakila kuku. Kuku wavumilie kidogo.

3. Maji. Usiweke. Kipande cha karoti au kiazi kinawatosha. Ukiwaonea huruma na kunyunyiza, pumba zitavunda, ukungu utaota, na utakuwa umeanza kufuga utitiri.

4. Subira. Yai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili. Funza hukua miezi miwili au mitatu, akijivua ngozi mara kwa mara. Usianze kuomboleza kila uonapo ganda. Kisha anakuwa pupa, ingawa pupa hana kabisa: hali, hatembei, amejikunja tu. Wanaoanza humtupa wakidhani amekufa. Mwache. Atatoka mbawakawa mweupe, awe kahawia, halafu mweusi.

5. Malezi. Mbawakawa jike hutaga mayai kwa mamia. Habari mbaya ni kwamba wazazi hao hao huyala, na pupa wakilala karibu huliwa pia. Kwa hiyo wazazi wapate beseni lao, pupa lao, watoto lao. Utashinda na chekeche mkononi ukitenganisha ukoo, na nyumbani wataanza kuuliza nguo zifuliwe wapi.

6. Wageni. Usiku funza wakitambaa kwenye pumba husikika kama manyunyu juu ya majani makavu. Mgeni akiuliza, sema ni mvua. Ukitamka "funza", atavua viatu akague vidole.

7. Mavuno. Mwezi wa tano umefika, kuku wamejipanga mlangoni. Teka kiganja kimoja. Watazame walivyonona. Sasa piga hesabu: hawa wakiliwa leo, nani atakuwa mbawakawa kesho? Warudishe taratibu, waongezee karoti.

Kisha chukua mfuko uende sokoni. Dagaa kilo moja, na pumba, maana za kuku zimekwisha.