Arsenal Mpaka Kufa

Dunia iliijua Katwe, mtaa wa Kampala, mwaka 2016, Disney walipotoa filamu ya Queen of Katwe kuhusu Phiona Mutesi na sataranji yake. Sisi wakazi tunaijua kwa nyundo. Kutwa nzima ni kugonga: mageti, majiko, mashine za bisi. Katikati ya makelele hayo wamekaa vijana wa stika, wapole, mkasi mkononi. Hao ndio wa kuogopwa.

Shemeji yangu alinunua HiAce kuukuu aifanye teksi. Ubavuni ilikuwa bado na maandishi ya Kijapani, ambayo mtu mwenye akili zake hayabandui, kwani ndiyo ushahidi kwamba gari halijaumia sana hapa kwetu. Kioo cha mbele kimejaa stika za bima ya thadi pati zilizokwisha muda. Tatizo lilikuwa mlango wa nyuma. Mwenye gari wa kwanza, mtu wa Bwera, mpakani na Kongo, alibandika kwa herufi nyekundu mistari miwili: ARSENAL, na chini yake, MPAKA KUFA.

Shemeji ni Manchester United.

Stika hutaka joto. Ukiipuliza kwa blowa ikalainika, unaivuta taratibu huku umeilaza, inakuja nzima. Gundi inayobaki unaifuta kwa mafuta ya taa. Hayo kijana wa stika tuliyempelekea gari anayajua vizuri. Ila umeme ulikuwa umekatika, naye shemeji ana haraka, basi ukatoka wembe. Plastiki iliyokaushwa na jua la miaka haivutiki, inakatika vipande vya ukubwa wa ukucha. Jioni herufi zilikuwa zimekwisha, pamoja na rangi kiasi.

Mmarekani Stan Avery alipoanza kuuza lebo za kujibandika mwaka 1935, kampuni yake aliiita Kum Kleen, kwa sababu zilibanduka bila kuacha alama. Huyo hakufika Katwe.

Asubuhi, gari lilipooshwa, tuliona. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikuwahi kupigwa na jua, ikabaki nyeupe pe. Ya pembeni imepauka ikawa manjano. ARSENAL MPAKA KUFA ilisomeka vizuri kuliko jana.

Kijana akapendekeza stika mpya juu yake, akataja bei ya mistari miwili. Shemeji akalipa mmoja. Mlango ukapakwa maji ya sabuni, MAN UNITED ikatelezeshwa mahali pake, mapovu yakasukumwa nje kwa kadi ya benki. Jirani wa kijana alikuwa anakata chuma. Punje zikanasa kwenye gundi, na mvua ya kwanza iliponyesha United ikaota vidoa vya kutu.

Stendi, mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya alizunguka nyuma, akasoma, akamgeukia kondakta.

“Mwanangu, hii inafika wapi?”

“Makindye, nnyabo. Ingia, twende.”

“Mbona wameandika mpaka Kufa?”

Akangoja inayofuata, na wawili waliokwisha kukaa wakashuka naye.

Shemeji akarudi kwa kijana akifoka. Kijana akaupapasa mlango, akainama kuutazama kwa ubavu, akatikisa kichwa.

“Ssebo, gari ni zima kabisa. Tafuta mtu wa Arsenal umuuzie.” Akaugusa mstari wa juu. “Hii ya United nitakutolea, lakini kubandua kuna bei yake.”