Kabla Hujanunua Sabufa Nyingine

Ukiingia duka la redio Kariakoo, kinachokupokea ni besi. Muuzaji anaweka wimbo unaotikisa vioo vya kabati, anafungua sauti hadi mwisho, kisha anakuonyesha kasha lenye maandishi makubwa: wati 10,000 PMPO. Mwombe kwa adabu apunguze. Halafu geuza kifaa uangalie mgongoni, kwenye kibandiko kidogo ambacho wateja wengi hawakisomi. Habari yote iko pale. Ikiwa pameandikwa kwamba kinatumia umeme wa wati 60, hakiwezi kutoa mfululizo zaidi ya hizo 60, kwa sababu hakuna mashine inayotoa nguvu ambayo haikuingia. PMPO ni namba ambayo kila kiwanda hujipimia kinavyotaka. Namba ya kuuliza ni RMS, yaani nguvu ya mfululizo, na muuzaji asipoijua, hamia duka la jirani.

Wala usitishike RMS ikiwa ndogo. Spika ya kawaida ya nyumbani ukiipa wati moja tu, ukakaa mita moja mbele yake, hutoa sauti ya desibeli 85 hadi 90. Maongezi ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kwa hiyo jioni nzima ya muziki sebuleni hula wati chache mno. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 50 hadi 100, unapata desibeli 3 za ziada, na hizo sikio huzitambua kwa shida. Ili muziki usikike mkubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Ndiyo maana mtu anauza amplifaya ya wati 50, anaongezea fedha, ananunua ya wati 80, na watu wa nyumbani wanamuuliza kimebadilika nini. Wako sahihi kuuliza.

Wati za akiba zina kazi moja ya maana: kubeba mapigo makubwa ya ngoma bila kulemewa. Amplifaya ndogo ikilazimishwa hukata vilele vya mawimbi ya sauti, na anayeungua kwanza huwa ni twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Sauti ikianza kukwaruza, punguza hapo hapo, hata kama wageni wamesimama kucheza.

Sasa tuje kwenye kifaa kikubwa kuliko vyote, ambacho hakiuzwi dukani: chumba. Sebule zetu nyingi ni tofali za saruji, sakafu ya vigae, dari ngumu na dirisha pana la vioo. Kila upande unarudisha sauti. Piga kofi moja kubwa sebuleni kwako, usikilize mlio unaobaki ukitetemeka hewani. Mlio huo unaongezwa juu ya kila wimbo unaoucheza, juu ya kila neno la mwimbaji, na hakuna kitufe cha kuuzima. Unazimwa na vitu laini. Tandika zulia nene kati ya spika na kochi. Weka mapazia mazito, makochi ya kitambaa, rafu iliyojaa vitabu. Godoro la akiba likisimamishwa nyuma ya mlango litaifaa sauti yako kuliko waya wowote wa bei mbaya. Trei za mayai zilizobandikwa ukutani, kama ulivyoona kwenye studio za mtaani, ondoa: ni nyepesi mno, na besi hupita kana kwamba hazipo.

Besi ina mambo yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika chumba chenye urefu wa mita 4, wimbi la hezi 43 hivi hujipanga sawasawa kati ya kuta mbili, linakwenda na kurudi mpaka linasimama. Noti hiyo itanguruma ukiwa umeegemea ukuta na kufifia ukikaa katikati. Mtu anayekaa katikati analalamika kwamba sabufa yake haina besi, ananunua kubwa zaidi, na jirani wa upande wa pili wa ukuta ndiye anayefaidi. Dawa ni ya bure. Weka sabufa juu ya kochi lako, pale unapokaa siku zote. Cheza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Kisha piga magoti, tambaa pembezoni mwa chumba, masikio yakiwa chini. Utafika mahali ambapo kila noti inasikika sawa na mwenzake. Hapo ndipo sabufa ikae. Watoto watacheka, na waache wacheke, maana njia hii ndiyo inayofanya kazi. Ukiitupa kwenye kona itapiga kelele zaidi, lakini kelele hizo ni za noti mbili tatu tu.

Spika mbili nazo zinataka heshima. Zimetengenezwa zifanye kazi pamoja: Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko Uingereza, aliomba hataza ya stereo mwaka 1931 ili sauti ziwe na mahali pake mbele ya msikilizaji. Ukiweka moja juu ya kabati na nyingine koridoni, umeifuta kazi yake yote. Ziweke kwenye usawa wa masikio ya aliyekaa, umbali kati yake ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako, na ziwe mbali kidogo na ukuta. Kisha jaribu wimbo wa zamani wa mono. Sauti ya mwimbaji inatakiwa itoke katikati, mahali ambapo hakuna spika. Ikisambaa huku na kule na besi ikikonda, waya za spika moja zimepishana. Badilisha nyekundu na nyeusi kwenye spika hiyo moja tu.

Kwa kupima, mimi hutumia dansi na taarabu. Chukua rekodi yoyote nzuri ya Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, ujaribu kulifuata gitaa la ridhimu peke yake, bila kuvutwa na solo. Ukilipoteza, mfumo wako bado. Kwenye taarabu ya Unguja, sikiliza kama kanuni na udi vinaachana, au vimegeuka kuwa mlio mmoja wa nyuzi. Rekodi za Siti binti Saad, ambazo alianza kuzifanya Bombay mwaka 1928, hazina karibu chochote cha kuipa sabufa, na bado zinasisimua. Lakini wimbo uliopitia WhatsApp mara kadhaa na kubanwa kila mara, spika bora itakuonyesha tu ulivyoharibika. Tafuta CD. Tangu ilipoanza kuuzwa mwaka 1982, sampuli zake 44,100 kwa sekunde zinatosha sikio la binadamu, ambalo kikomo chake ni hezi 20,000 ujanani na hushuka kadiri umri unavyopanda.

Waya nunua duka la vifaa vya umeme, shaba ya milimita za mraba 2.5. Kwangua ncha: ikionyesha weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache. Spika za mtumba zinanunulika, mradi ubonyeze koni taratibu kwa vidole; ikikwaruza, koili imeguswa. Sponji ya pembeni ikiwa imeoza tu, fundi mzuri ataibadilisha.

Masikio hayana fundi wala mtumba. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukipanda hadi 90, zinabaki saa 4 tu. Programu ya kupima desibeli kwenye simu inatosha kukupa picha.

Kwa hiyo fedha igawe hivi: spika kwanza, zulia na mapazia pili, amplifaya ya kiasi tatu. Sabufa iwe ya mwisho, na nyumba nyingi ninazozijua hazihitaji hata hiyo.