Sifa za Bei Isiyotulia

Aghalabu watungaji wameisifu asali, wakaisifu alfajiri, wakaisifu na subira ya mama, wala sina ugomvi nao. Lakini leo nimeona insafu kumtetea mtukufu mmoja aliyetukanwa maridhawa bila ya kupata wakili, naye ni bei ya kutazama filamu kwa intaneti, ile ambayo kila tukiizoea huhama, na kila ikihama hutuaga kwa barua yenye taadhima kuliko zote tulizopata kuletewa na ndugu zetu.

Barua ya namna hiyo ilinifikia juzi baada ya isha. Ilianza kwa kunishukuru kwa uaminifu wangu, ikanibashiria kuwa huduma itazidi kuwa bora, na chini kabisa, kwa herufi ndogo mithili ya sisimizi, ikanitajia malipo mapya ya mwezi. Mwenye duka wa mtaani kwetu hupandisha bei ya sukari huku akikuna kichwa na kutazama kando, kama aliyefumaniwa. Bei hii haijui fedheha.

Itazame katika ukoo wa Netflix, iliyoanza kurusha filamu kwa intaneti mwaka 2007 baada ya miaka mingi ya kupeleka diski kwa posta. Mwaka 2011 ilipozitenga huduma hizo mbili, Mmarekani aliyekuwa akilipa dola 10 kwa zote alijikuta akidaiwa karibu 16, na kwa muda wa miezi mitatu wateja wapatao 800,000 wakajiondokea. Bei dhaifu ingetubu. Hii ilijifunza mwendo. Kutazama kwa intaneti peke yake, ambako mwaka huo kulikuwa dola 7 na senti 99, kulipanda kwa dola moja, kukapumzika, kukapanda kwa mbili, kukapumzika tena, hata Januari 2025 kifurushi cha kawaida kikafika dola 17 na senti 99. Wapagazi wa Kilimanjaro huwaasa wageni wapande vivyo hivyo, pole pole, wasije wakatapika.

Na elimu yake je? Machi 2017 kampuni hiyo iliandika Twitter kwamba mapenzi ni kupeana nywila. Mei 2023 ikawaarifu wateja wa Marekani kuwa akaunti ni ya nyumba moja tu, na jamaa wa nje alipiwe dola 7 na senti 99 kila mwezi. Basi mapenzi, ambayo malenga wetu wameyahangaikia karne nzima nzima bila ya kuyapatia kipimo, sasa thamani yake yajulikana hata kwa senti.

Kenya ilifanyiwa hisani ya pekee: Septemba 2021 wenye simu za Android walifunguliwa sehemu ya filamu hizo bure, na Novemba 2023 mlango ukafungwa. Wenye inda waliita ukatili. Mimi naona ni malezi, kwa kuwa hata mtoto hunyonyeshwa miaka miwili kisha akaachishwa.

Nyumbani kwangu bei hiyo imeunga udugu uliokuwa umelegea. Mpwa wangu, ambaye tangu Idi ya mwaka jana hakupata nafasi ya kunijulia hali, ilhali nywila yangu aliitumia kila usiku, alinipigia simu siku ya pili ya ile barua.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba.”

“Mjomba, televisheni yasema mimi si wa nyumba yako.”

Nikamjibu kwamba kwa damu yeye ni wangu, ila kwa hesabu ya mwezi huu amekuwa jirani. Tukazungumza nusu saa, jambo ambalo hakuna filamu iliyopata kutufanyia.

Mke wangu alinishauri nijitoe. Nilikitafuta kitufe cha kujitoa hadi miwani ikaniuma masikio, na nilipokipata kikaniuliza mara tatu kama nina hakika. Malipo mapya yaanza tarehe mosi. Nimekwisha kulipa.